Mahame Yaliyobaki Katika Ramani

Jioni moja baada ya sala ya Isha, kamati yetu ya msikiti ilikaa barazani kujadili mambo matatu: deni la umeme, mikeka mipya, na barua iliyoletwa na mtendaji wa kijiji. Mambo mawili ya kwanza yalikwisha upesi. La tatu lilituweka hadi saa nne usiku.

Barua ilieleza kwamba kijiji jirani, kilicho ng'ambo ya mto, kinaandaa mpango wake wa matumizi bora ya ardhi, na kwamba sehemu fulani ya bonde imependekezwa kuwa eneo la malisho ya mifugo. Mwenye hoja aiwasilishe kabla ya mkutano mkuu. Katika maelezo yaliyoambatanishwa, sehemu hiyo iliitwa pori lisilo na makazi.

Kwa kuwa mimi ndiye katibu, barua ililala kwangu. Asubuhi nilimsomea bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa uani akisuka ukili. Mikono yake ikasimama.

"Pori lipi hilo, mjukuu wangu? Soma tena hapo penye miembe."

Hapakuwa na miembe yoyote katika barua. Miembe ilikuwa kichwani mwake.

Ndugu msomaji, sisi ni watu wa bonde la Rufiji, lakini kijiji tunachoishi leo hakimo bondeni. Kimekaa juu, kwenye ardhi ya mchanga upande wa kaskazini, ambako maji ya mto hayafiki. Wazee wetu hawakuzaliwa huku. Walizaliwa chini, karibu na mto, kwenye vinundu na kingo zilizoinuka kidogo katikati ya mashamba ya mpunga. Mafuriko ya kila mwaka yaliwaletea rutuba. Maji yakija waliyapokea, na maji yakiondoka walipanda tena katika unyevu uliobaki, kilimo ambacho hadi leo tunakiita mlau. Mpunga ulipokaribia kukomaa, familia zilihamia katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakiwinga ndege mchana na kulinda nguruwe usiku.

Mwaka 1968 mto ulifurika kupita kiasi. Baada ya gharika hiyo Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde kuwapeleka kwenye vijiji vipya vya ujamaa juu ya mwinuko, katika zoezi lililojulikana kama Operesheni Rufiji. Hiyo ilikuwa miaka kadhaa kabla ya amri ya Novemba 1973 iliyowataka wananchi wote wa vijijini Tanzania Bara wawe wamehamia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Kwa hiyo yale ambayo mikoa mingine iliyaona katikati ya miaka ya sabini, wazee wetu walikuwa wamekwisha kuyaonja. Walipata shule, zahanati na barabara, na hilo hawalikani. Nyuma yao waliacha miembe, visima, makaburi na misikiti. Mahali palipoachwa namna hiyo lugha yetu inapaita mahame, na nadhani ni lugha chache zenye neno moja linalobeba yote hayo.

Mahame ya ukoo wetu tulikuwa tumeyatafuta kabla ya barua hiyo kuja. Sitalitaja jina lake hapa, kwani mazungumzo baina ya vijiji viwili bado yanaendelea, na si adabu kuyatangulia gazetini.

Miaka miwili nyuma, mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini, aliyekuwa amepita umri wa miaka themanini, aliiomba kamati imsaidie kulipata kaburi la baba yake. Alitaka kupajua mahali penyewe, asimame na kumwombea dua kabla ya yeye mwenyewe kuitwa. Tulimuuliza msikiti wa zamani ulikuwa wapi. Alijibu bila kusita: "Upande huu huu wa mto. Sisi hatukuvuka maji kwenda kusali."

Vijana tisa tuliingia bondeni na mapanga. Tulitafuta siku tatu upande wa kaskazini wa mto, kutoka kivuko cha juu hadi kivuko cha chini. Hatukuona mwembe wala kisima, wala jiwe lililosimikwa na mkono wa mtu. Tulirudi tukamwambia mzee, kwa heshima zote lakini tukamwambia, kwamba huenda umri umemchanganyia mambo. Alitutazama kwa muda, kisha akasema, "Labda." Alifariki msimu wa mvua uliofuata. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Barua ya malisho ilipokuja, mwalimu mmoja wa sekondari aliye katika kamati yetu aliuliza swali ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiria: je, ipo ramani iliyochorwa kabla watu hawajahamishwa?

Ipo. Nchi yetu ilichorewa ramani za sura ya nchi kwa skeli ya 1:50,000, maana yake sentimita mbili juu ya karatasi ni kilomita moja ardhini, na milimita moja ni mita hamsini. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na idara ya upimaji iliyoundwa na Uingereza mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni yake, ikishirikiana na idara ya upimaji ya hapa nchini, na baada ya Uhuru kazi iliendelea. Ndege zilipita juu zikipiga picha mfululizo, kila picha ikiingiliana na iliyotangulia, ili mchoraji akizitazama mbili kwa pamoja kupitia chombo maalumu aone vilima vimeinuka na mabonde yameinama. Kutokana na hizo alichora mistari ya kontua, mito, njia na nyumba. Baadaye wapimaji walipita ardhini kuhakiki na kuuliza majina. Kila karatasi ya mfululizo huo inafunika robo ya digrii kwenda juu na robo ya digrii kwenda kando, yaani eneo la mraba lenye upande wa takriban kilomita ishirini na saba.

Ramani hizo hazikuchorwa kwa ajili yetu. Wajerumani waliotangulia, ambao ramani yao kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa ya skeli ya 1:300,000, walitaka kujua njia, maji na mahali pa kukusanyia kodi. Na baada ya Vita vya Majimaji, vilivyowaka Julai 1905 katika milima ya Matumbi kusini mwetu, walikuwa na sababu zaidi ya kuijua nchi hii. Waingereza nao waliliangalia bonde kwa jicho la pamba, umwagiliaji na mabwawa. Katika miaka ya hamsini Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lililichunguza bonde zima la Rufiji na kutoa taarifa yake mwaka 1961. Mchoraji aliyeweka kitone cheusi juu ya karatasi hakujua kwamba kitone hicho ni nyumba ya babu yangu. Alikiweka tu kwa sababu kilionekana katika picha, na uaminifu wake huo wa kikazi umetufaa sisi wasiojulikana kwake.

Ramani za namna hii huuzwa na idara ya upimaji na ramani ya wizara inayohusika na ardhi. Karatasi za zamani zinapatikana pia katika baadhi ya maktaba; ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ina sehemu maalumu ya kumbukumbu za Afrika Mashariki. Sisi tuliipata nakala ya karatasi yetu kwa mtu aliyefanya kazi ya upimaji zamani na ambaye, kama wapimaji wengi wastaafu, hakutupa kitu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Katika pambizo lake kulikuwa na jambo ambalo kila anayeshika ramani ya zamani aliangalie kwanza: mwaka wa kuchapwa ni mmoja, na mwaka wa picha za angani ni mwingine. Karatasi yetu ilichapwa katika miaka ya sitini, lakini picha zake zilipigwa mapema zaidi. Vyovyote vile, ilikuwa kabla ya gharika.

Tuliitandaza juu ya meza ya madrasa. Sijui nieleze vipi tulichokiona. Bonde ambalo kwetu ni matete, vichaka na mashamba ya msimu lilikuwa limejaa vitone. Vilikuwa vimetawanyika kama ufuta uliomwagika, vikifuata kingo za mto na vinundu, hapa vitano, pale kumi na viwili, na vijia vya miguu vikikimbia kati yake. Kwenye mwinuko wa kaskazini, mahali kilipo kijiji chetu chenye mamia ya nyumba, karatasi ilikuwa na alama za miti tu. Vijana wa madrasa walicheka, wakaona kama ramani imegeuzwa juu chini. Walipoambiwa kwamba haikugeuzwa, walinyamaza.

Kosa letu la mwanzo likajitokeza hapo hapo. Mto haukuwa mahali pake. Katika ramani ulipinda kwenda kusini kwa kona kubwa yenye umbo la kiatu cha farasi, ukalizunguka kundi la vitone na kurudi kaskazini. Leo kona hiyo haipo. Mto umejikatia njia fupi shingoni mwa kona na kupita moja kwa moja, na ule mkondo wa zamani umebaki dimbwi refu la samaki na mayungiyungi. Mito ya bondeni hufanya hivyo. Kila kona hulika upande wa nje na kujazwa mchanga upande wa ndani, hadi siku moja ya maji makubwa shingo inakatika. Ardhi iliyokuwa kaskazini mwa mto imejikuta kusini mwake bila kusogea hata shubiri.

Mzee alikuwa amesema kweli. Msikiti ulikuwa upande huu, na hawakuvuka maji kwenda kusali. Aliyehama ni mto. Sisi tulitumia siku tatu kutafuta mahali pasipo penyewe. Nilikwenda nyumbani kwa mtoto wake mkubwa jioni ile ile na karatasi mkononi, nikamwonesha. Alisema, "Baba angefurahi," na hatukuweza kuongeza kitu.

Lilibaki swali la msikiti wenyewe, kwa sababu ramani haikuuandika. Ufunguo wa ramani hizi unazo alama za misikiti na makanisa, lakini msikiti wa miti na udongo ulioezekwa makuti, ukitazamwa kutoka angani, ni paa kama mapaa mengine. Na yule aliyepita kuuliza majina huenda hakufika pale, au alifika mchana watu wakiwa mashambani. Tulichokuwa nacho ni vijia. Vijia vitano, kutoka makundi matano ya vitone, vilikutana mahali pamoja palipokuwa na vitone viwili tu. Mwalimu akauliza kwa nini watu wa pande tano watengeneze njia kwenda kwenye nyumba mbili. Huenda ni kisima, duka la Mhindi, baraza la jumbe au msikiti.

Kabla ya kumwonesha bibi ramani, tulimwomba achore mwenyewe. Jambo hili napenda kulisisitiza kwa familia zitakazojaribu kazi kama hii: usimwekee mzee karatasi mbele na kumuuliza, "Bibi, si hapa?" Atakujibu ndiyo kwa huruma tu. Mwache achore kwa njia yake. Bibi alichukua kijiti, akafagia mchanga kwa kiganja, na akaanza na mto. Kaskazini na kusini hazikumhusu. Kwake kulikuwa na juu ya mto na chini ya mto, upande wa maji na upande wa nchi kavu, na jua linapochomoza wakati wa kupalilia. Akaweka kona. Akaweka visima viwili, cha maji matamu na cha kufulia, na akataja nani aliruhusiwa kuteka wapi. Mashamba ya mpunga aliyataja kwa majina ya wanawake waliokuwa wakiyalima. Kaka yake, aliyeletwa siku ya pili, alichora bonde lile lile na hakuweka kisima hata kimoja. Yeye aliweka njia, vivuko, mti wa baraza na msikiti. Tulipozilinganisha michoro miwili na karatasi, ile njiapanda ya vijia vitano ilikuwa mahali kaka mtu alipoweka msikiti na bibi alipoweka kisima cha maji matamu. Bila shaka, kwani wapi pengine utajenga msikiti usio na maji ya udhu?

Wakati wote huo mwalimu wangu mmoja wa chuo alikuwa akinijia akilini. Alitueleza darasani kwamba al-Idrisi, aliyemaliza ramani yake ya dunia mwaka 1154 huko Sisilia, aliweka kusini juu na kaskazini chini, na pwani yetu ya Zanji ilikuwa sehemu ya juu ya dunia yake. Tulidhani ni kichekesho cha zamani. Nilipomwona bibi akizunguka mchoro wake badala ya kuugeuza, nilielewa kwamba kila ramani huanza na mahali aliposimama mwenye kuichora.

Tulipanga safari Jumamosi. Mwalimu alisoma namba za gridi za ile njiapanda, akaziingiza katika simu, na simu ikatupeleka. Tulivuka kwa mtumbwi, tukapita matete yaliyotuzidi kimo, na simu ikatangaza kwamba tumefika. Tulikuwa tumesimama ndani ya matope hadi magotini, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angejenga hata banda la kuku.

Nilimpigia simu yule mpimaji mstaafu. Alicheka sana, kisha akatusomesha. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya msingi wa upimaji unaoitwa Arc 1960, na simu za leo zinatumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Umbo la dunia lililokadiriwa katika kila mmoja ni tofauti kidogo, na kwa sababu hiyo namba zile zile haziangukii mahali pale pale. Kwa nchi yetu tofauti ni kati ya mita mia mbili na mia tatu. "Tembeeni kusini," alisema, "na kidogo mashariki. Mkiona miembe nipigieni."

Hatukuhitaji kumpigia. Tulipotoka kwenye matope ardhi ilipanda, si zaidi ya kimo cha mtu, na juu yake miembe mikubwa ilisimama kwa mstari ambao haupandwi na ndege. Palikuwa na mkwaju. Palikuwa na shimo la mviringo lililojaa majani, lenye mdomo wa mawe. Hatua ishirini kutoka hapo, kijana mmoja aligonga kitu kwa panga. Kilikuwa ukingo wa birika la udhu, lililojengwa kwa mawe na chokaa, na kando yake mawe mawili mabapa ya kusugulia miguu yaliyolainika kwa miaka ya nyayo. Kuta za udongo zilikuwa zimerudi kuwa udongo, lakini kitako kilionekana bado, na upande wa kaskazini kilijitokeza nje kwa nusu duara ndogo. Hiyo ndiyo mihrabu. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja, na wajenzi wale wasio na dira walikuwa wameielekeza sawasawa.

Makaburi yalikuwa nyuma ya mkwaju. Mengi hayakuwa na alama isipokuwa jiwe kichwani, lakini yote yalilala mashariki na magharibi, kama inavyopasa penye kibla cha kaskazini, nasi tukajua kwamba hatukanyagi mawe ya kawaida. Tulihesabu hamsini na tatu tukaacha, kwa sababu vichaka vilizuia na jua lilikuwa linashuka. Ni lipi la baba wa yule mzee, hatujui. Mtoto wake alisimama katikati akawaombea wote.

Hapa nirudi kwenye barua, kwani baadhi ya wenzetu walidhani kwamba karatasi hii sasa ni rungu. Walitaka twende mkutanoni tukadai bonde lote. Nilipinga, na nasema wazi kwamba hatukuelewana kwa wiki mbili. Ramani ya sura ya nchi si hati ya umiliki. Inaonesha kwamba mwaka fulani palikuwa na nyumba na njia. Haisemi nyumba ni ya nani, wala shamba linaishia wapi. Na mambo ya ardhi ya kijiji yana sheria yake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, na vikao vyake. Tena mpaka wa vijiji vyetu viwili unafuata mto, na mto, kama tulivyoona, una mapenzi yake. Tukianza kuuvuta mpaka urudi kwenye mkondo wa zamani, majirani nao watatoa ramani yao ya mahali pengine, na hatutamaliza.

Badala yake tuliomba kikao na wazee wa ng'ambo. Tulikwenda saba, na karatasi, na michoro ya bibi na kaka yake ikiwa imenakiliwa. Sikutarajia kilichotokea. Mzee wao mmoja aliinamia meza, akaweka kidole kwenye kundi la vitone upande wa magharibi wa njiapanda, akasema, "Hapa ndipo kwetu." Operesheni ilipopita, nusu ya watu wa mahame yale walipelekwa juu upande wa kaskazini na nusu nyingine walivuka kwenda kusini walikokuwa na wajomba. Makaburi tuliyokuja kuyatetea dhidi yao yalikuwa yao pia. Wao walijua kwamba makaburi yapo bondeni, lakini walioandika maelezo ya mpango walikuwa vijana kutoka nje, walipita wakati wa matete marefu, na hakuna aliyewauliza wazee. Wala wazee hawakusema. Walidhani inajulikana.

Kilichokubaliwa mpaka sasa ni kidogo. Eneo la kitako cha msikiti, kisima na makaburi, pamoja na njia ya kufikia kutoka pande zote mbili, limeombwa litengwe katika mpango, na mifugo isipite hapo. Wafugaji wenyewe walikuwapo kikaoni na hawakuwa na neno. Mmoja alisema angejua mapema asingepitisha ng'ombe wake pale. Ombi bado halijapitishwa na mkutano mkuu. Juu ya shamba lililobaki, maneno yapo mengi na yataendelea.

Kwa familia zenye hamu ya kuyatafuta mahame yao, nina machache ya ziada kutokana na makosa yetu. Majina katika ramani yasomeni kwa sauti, msiyasome kwa macho tu. Wajerumani waliandika Mohoro kama Mohorro na Ujiji kama Udjidji, na waandishi wa baadaye waliandika walivyosikia. Vijiji vingi katika ramani za Wajerumani vimepewa jina la jumbe aliyekuwapo siku hiyo, na jumbe akifa jina linahama. Kwa hiyo kijiji kinachotoweka kutoka ramani moja hadi nyingine huenda kipo, kimebadilisha mwenyewe tu. Angalieni miti. Miembe, mikwaju na minazi iliyo katikati ya pori haikujipanda. Na waulizeni wanawake, tena peke yao, wanaume wakiwa wameondoka. Kwetu nusu ya bonde ingepotea kama tungemsikiliza kaka peke yake. Watoto nao wapeni rula. Binti yangu wa darasa la tano alipima njia ya kwenda kisimani, akapata kwamba mama wa bibi yake alitembea zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda na kurudi kwa ndoo moja, na tangu siku hiyo amepunguza malalamiko ya kutumwa bombani. Amepunguza, sikusema ameacha.

Mwezi uliopita vijiji vyote viwili vilikwenda kusafisha makaburi. Bibi alisema haendi, miguu haimruhusu. Asubuhi tukamkuta amekaa kizingitini na kanga yake mpya na bakora. Vijana walimbeba kutoka mtumbwini hadi kwenye mwinuko wakamweka chini ya mwembe wa tatu, ambao alisema ulipandwa na shangazi yake. Alikaa pale kutwa nzima akiwatuma watu: ondoeni majani pale, hapo palikuwa jiko la fulani, huko msichimbe.

Alasiri aliomba ile karatasi. Bibi hasomi herufi za kizungu, lakini alisomea chuoni, na herufi za Kiarabu anaziandika vizuri kuliko mimi. Aliniuliza wazungu wameandikaje jina la pale. Nilimsomea. Walikuwa wamekosea herufi moja, wakaweka "l" penye "r", na jina likawa halina maana yoyote. Akasonya. Akachukua kalamu mfukoni mwa kanzu yangu bila kuniomba, akaishikilia nakala juu ya goti, na pembeni mwa vitone akaandika jina kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, polepole, pamoja na irabu zake zote.

Nakala hiyo sasa imo katika jalada la kamati, nyuma ya barua ya mtendaji.